Muda wa Kufunga Mizigo

Mwisho wa mwezi, magari yakiwa yamegandana kwenye makutano ya Buguruni, aghalabu hutokea kirikuu kimoja kilichobeba nyumba nzima. Friji imesimamishwa nyuma ya kichwa cha gari, imeviringishwa blanketi la kulalia. Kitanda kimefunguliwa, mbao zake zimelazwa chini, na juu yake godoro limekunjwa na kukazwa kamba ya katani mpaka limebonyea kiunoni. Kuna jaba la maji la bluu lililojazwa masufuria, kuna kinu kilichosimamishiwa miiko ndani yake, kuna mifuko ya shangazi kaja iliyotuna hadi zipu zimekataa kufunga. Meza ya kujipambia imeegemezwa nyuma kabisa, kioo chake kikitazama barabara, na kila aliye nyuma ya gari lile anajiona humo: dereva wa daladala na konda wake, kijana wa bodaboda, muuza maji aliyejitwika ndoo. Juu ya marobota amekaa mwanamke; mkono mmoja umempakata mtoto, mwingine umeishika televisheni iliyofungwa kwa kanga. Njia inafunguka, gari linaondoka, na kioo kinaondoka na sura za wote waliokuwa wakitazama.

Watu hulitazama gari la namna hiyo kwa makini ambayo hawalipi gari la mkaa wala la saruji. Mkaa hauna siri. Vyombo vya nyumba vina siri, na saa ile moja ya barabarani siri hizo hukosa ukuta wa kuzisitiri. Godoro ambalo juzi lilikuwa limefunikwa shuka iliyopigwa pasi sasa linaonyesha alama zake zote mbele ya umati. Sufuria ya wali inaonyesha masizi yake. Stuli yenye mguu mmoja uliounganishwa kwa msumari inatangaza mwaka ambao fedha haikutosha kununua nyingine. Ndani, vitu hivi vilikuwa vimezoeana. Kila kimoja kilikuwa na pembe yake, kimeshikilia kivuli chake, na wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuacha kuviona. Vimepandishwa garini, vimeonekana upya, na anayevitazama anajikuta anajiuliza moyoni: vyangu mimi vingekuwaje? Vingejaa gari ngapi? Kati ya vyote nilivyokusanya tangu nianze kujitegemea, ni vipi ningevishikilia kwa mkono wangu mwenyewe, na vipi ningewaachia vijana wavirushe?

Lakini kirikuu ni sehemu fupi kabisa ya kuhama. Kuhama huanza mapema zaidi, huanza siku mtu anapohesabu kodi iliyobaki na kuona kwamba mwisho wake unachungulia. Dar es Salaam, mahali ambapo wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na dalali naye ana mwezi wake mmoja, kuhama ni jambo la kuweka akiba, kudunduliza na kucheza vikoba. Halafu huja kutafuta. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na kwa sababu hiyo mwenye busara huirudia nyumba anayoitaka kwa nyakati mbalimbali: asubuhi aone jua linaingilia dirisha gani, usiku asikie muziki wa baa ya jirani unafika wapi, na mvua ikinyesha aende kabisa, akaone maji yanapita uwani au yanaingia sebuleni. Huuliza maji ya bomba hutoka siku zipi, huuliza mita ya LUKU ni ya peke yake au wanachangia wapangaji wanne, huuliza choo, huuliza shule, huuliza nauli. Maswali haya ni makavu, hayana ushairi wowote, na bado ndani yake mtu anakuwa anaichora picha ya maisha ambayo hajayaishi: hapa nitaanika nguo, pale mama akija atalala, huku mtoto atasomea.

Kisha hufuata kuchagua, na kuchagua ndiko moyo wa kuhama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mtu huchukua daftari, akakaa katikati ya chumba, akaanza kuandika. Anapofika uvunguni mwa kitanda, kalamu hupunguza mwendo. Uvunguni kuna viatu vya mtoto ambavyo mguu wake ulishavikimbia. Kuna redio ya marehemu baba, haishiki tena stesheni yoyote. Kuna bahasha ya barua, kuna kadi za harusi za watu ambao wengine hawako pamoja tena, kuna kitenge kilichobaki kipande. Juu ya kila kimoja lazima itolewe hukumu: twende wote, au ubaki? Mtu aliyeishi mahali kwa muda mrefu huwa hajaulizwa swali hilo na vitu vyake. Amevilimbikiza tu, siku juu ya siku. Kuhama humlazimisha kujibu. Ndipo hugundua kwamba kabati la bei kubwa analiacha bila uchungu, lakini ile mbuzi ya nazi, iliyochakaa meno, aliyokalia bibi yake, anaifunga ndani ya nguo zake mwenyewe. Daftari linakuwa limemwambia yeye ni nani.

Baada ya hukumu hufuata kazi ya mikono, nayo ina elimu yake. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Wanaojua kupakia huanza na vizito, wakaviweka chini na mbele; friji huisafirisha ikiwa wima, na ikifika huiacha itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Vikombe na sahani huviringishwa kwenye kanga na fulana, kwa kuwa nguo zitasafiri vyovyote iwavyo. Godoro ndilo hupangwa kati ya vitu vinavyogombana, lizuie mbao isikwaruze kioo. Vyeti vya kuzaliwa, hati, vitabu vya shule na dawa za mgonjwa havipandi juu ya gari. Hukaa katika mkoba mmoja usioachiwa mtu. Na kuna robota moja ambalo hufungwa la mwisho ili lifunguliwe la kwanza: sufuria, birika, majani ya chai, sukari, mkeka, chandarua, sabuni, balbu. Aliyelikumbuka robota hilo usiku wake wa kwanza unakuwa usiku wa nyumbani, japo kuta zingali ngeni. Aliyelisahau atalala njaa amezungukwa na chakula kilichofungwa kamba.

Elimu hii ni ya kale katika nchi hii. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, ilitegemea watu waliojua kugawa mzigo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja kama kilo thelathini, juu ya ngata kichwani au begani, na kabla ya mguu wa kwanza kunyanyuka siku nyingi zilipita katika kupima, kufunga na kufungua tena. Robota la nguo lilikuwa na umbo lake, shanga zilikuwa na mfuko wake, pembe ya ndovu ilikuwa na namna yake ya kushikwa. Mzigo uliofungwa vibaya ulimwua mtu njiani. Methali inayosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi ni ya watu wanaojua kubeba, na inaweza kusomwa hata leo mbele ya kirikuu: anayeamuru huona vyepesi, shingo ya anayebeba ndiyo inayojua ukweli. Kijana anayeteremsha jokofu la mtu kutoka ghorofa ya tatu kwa ngazi nyembamba anastahili apatane malipo yake mapema, apewe maji ya kunywa, na asiitwe mzembe kwa sababu ya kona ambayo hata mwenye jokofu asingeipita.

Wapo waliofanya kuhama kuwe sehemu ya umbo la vyombo vyao. Mfanyabiashara wa pwani, aliyeishi kwa kufuata kaskazi na kusi, alikuwa na sanduku la mbao lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, lenye saraka ndogo na mahali pa siri pa kuwekea fedha. Sanduku hilo lilikuwa kabati lake nchi kavu na nyumba yake jahazini. Katika mbuga za kaskazini, kwa desturi ya Wamaasai, mwanamke ndiye anayejenga nyumba kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na wakati wa kufuata malisho ndiye aliyejua lipi linapanda juu ya punda na lipi linaachiwa ardhi. Watu wa namna hiyo hawakuogopa kuhama, kwa kuwa walikuwa na kitu kimoja mikononi mwao: majira. Pepo zilikuwa na miezi yake, mvua ilitoa ishara zake, na ishara zilikuja mapema kiasi cha mtu kukaa, kutafakari, kuagana na kufunga.

Na kuna visivyofungwa. Hakuna kamba ya kufungia mwembe uliopandwa mwaka mtoto alipozaliwa. Hakuna boksi la kuwekea mistari ya penseli kwenye mwimo wa mlango, kila mmoja ukiwa na tarehe, inayoonyesha watoto walivyokuwa wakirefuka. Katika jamii zetu nyingi kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani, na mtu mzima akitaka kusema anatoka wapi husema pale kilipozikwa kitovu changu. Ardhi ile inakuwa imeshika kipande cha mwili wake na haikirudishi. Havifungiki pia vitu vidogo vya ujirani: duka ambalo mangi huandika deni bila kuuliza, mama wa nyumba ya pili anayesikia mtoto anakohoa usiku na asubuhi akaleta majani ya mchaichai, mzee anayejibu salamu kabla hujaimaliza. Vitu hivi haviwezi kuhamishwa. Vinaweza kuagwa tu. Na kuaga kunataka muda.

Hapo ndipo ninapofikia ninachoamini juu ya jambo hili. Katika kuhama kote, gari hupatikana, kamba hupatikana, wabebaji hupatikana. Kitu chenye thamani kuliko vyote ni siku zilizo kati ya kujua kwamba utaondoka na kuondoka kwenyewe. Katika siku hizo mtu huchagua, huhukumu, husamehe deni, hulipa deni, hugawa mche wa mlonge kwa jirani, humpeleka mtoto akaone shule mpya, humwonyesha mama mzee mlango utakaokuwa wake. Mwenye siku hizo anahama. Asiye nazo anahamishwa, hata kama gari ni lilelile na vyombo ni vilevile.

Historia yetu wenyewe imeliandika jambo hili katika mwaka mmoja. Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya serikali yahame kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na mpango ukawa wa miaka kumi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, ramani zikachorwa, viwanja vikapimwa. Miaka kumi ikapita, ikapita mingine. Bunge likatangulia; wizara zikasuasua. Ilikuwa 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake ingehamia huko, na 2018 sheria ikapitishwa kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Zaidi ya miaka arobaini serikali ilijipa nafasi ya kujiandaa, na hakuna aliyeilaumu sana, kwa maana kila mtu anajua kuhama ni kugumu: kuna majalada, kuna watoto wa watumishi walio shuleni, kuna nyumba ambazo hazijajengwa. Lakini Novemba mwaka uleule wa 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 wakulima wawe wamekwisha kuhamia katika vijiji vya maendeleo. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wengine walipewa siku chache tu. Malori yalikuja mazao yakiwa bado shambani. Mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili mtu asipate pa kurudia. Shule na zahanati zilizofuata katika vijiji vile ni jambo la kweli, na wapo waliosomea humo wakafika mbali. Hata hivyo mkulima yule alikuwa na majalada yake pia: mbegu kwenye kibuyu juu ya jiko, kaburi la mwanawe chini ya mkungu, mizinga ya nyuki msituni ambayo ni yeye tu aliyejua njia yake. Serikali na mkulima waliamuliwa kuhama katika vuli moja. Mmoja alijipa miongo. Mwingine alipewa lori linalonguruma mlangoni.

Maji nayo hayatoi notisi. Desemba 2011 mvua kubwa ilipolijaza bonde la Msimbazi na mabonde mengine ya Dar es Salaam, watu wa Jangwani na vitongoji vya jirani walikuwa juu ya mapaa. Waliosalimika walipelekwa baadaye Mabwepande, kaskazini mwa jiji, kwenye viwanja na mahema. Katika gharika mtu hafungi mzigo, hushika. Hushika mtoto, hushika mkono wa mzee, akibahatika hushika bahasha ya vyeti. Daftari la vitu linakuja kuandikwa baadaye, likiwa daftari la vilivyopotea, na kila mstari wake ni kitu ambacho mwenyewe hakupewa nafasi ya kukiambia kwaheri. Ndiyo maana onyo la mapema juu ya mvua, likitolewa na mtu anayeaminika kwa lugha inayoeleweka, ni msaada mkubwa kama hema na unga. Linampa mtu usiku mmoja, na usiku mmoja unatosha kuokoa yale yasiyonunulika.

Mila zetu zinalijua hili kuliko matamko yetu. Mjane wa Kiislamu wa pwani hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na kwa desturi huikalia katika nyumba aliyoishi na mumewe. Wengi huizungumzia eda kana kwamba ni kufungiwa. Itazame kwa upande wa mlango: kwa miezi minne na siku kumi hakuna shemeji wala mrithi mwenye haki ya kumwambia toka. Kifo kimemchukulia mwenzi, lakini hakijamchukulia siku. Anaamka chini ya paa lilelile, anaona kanzu ikiwa kwenye msumari uleule, na taratibu, yeye mwenyewe, anaiondoa. Akija kuhama baada ya hapo, anahama mtu aliyekwisha kuagana. Linganisha na wajane wale ambao, kaburi likiwa bado bichi, huletewa kikao cha ukoo na kuambiwa wafungashe. Nyumba ni ileile, huzuni ni ileile. Tofauti yao ni muda, na tofauti hiyo ni kubwa kama iliyopo kati ya kuheshimiwa na kudhalilishwa.

Watoto na wazee nao hupimwa kwa kipimo hicho. Mtoto wa miaka sita haelewi mkataba wala kodi, ila anaelewa kwamba paka wa uani hatakuwepo kesho. Akipewa siku za kumuaga paka huyo, akapewa boksi lake mwenyewe la kupakia vitu vyake kwa mkono wake, anafika nyumba mpya akiwa na kitu cha kufungua. Mzee aliyezoea kuamka usiku na kupapasa ukuta hadi msalani anabeba ramani mikononi; ukimhamisha ghafla, vidole vyake vinabaki vinatafuta mlango usiokuwepo. Mpeleke mapema, mchana, aushike ukuta mpya, ahesabu hatua.

Basi wewe uliye na muda, utumie. Andika daftari lako wiki kadhaa kabla, lipa umeme na maji uliyotumia, fagia chumba unachokiacha kana kwamba anayekuja ni ndugu yako, nenda kwa kila jirani ukaage ungali na nguvu za kukaa, maana usiku wa mwisho utakuwa umechoka. Ukifika, salimia kabla hujafungua maboksi. Na wewe mwenye nyumba unayetaka chumba chako, mwenyekiti wa mtaa unayejua barabara itapita wapi, ndugu wa marehemu mwenye ufunguo mkononi, kiongozi mwenye mhuri: sema mapema. Toa miezi pale ulipokusudia kutoa siku. Muda haukugharimu unachodhani, na kwa anayeondoka ndio ukubwa wote wa heshima uliyobakiwa nayo kumpa. Kumhamisha mtu bila muda wa kufunga mizigo ni kumnyang'anya kipande cha maisha yake, hata kama vyombo vyake vyote vimefika salama.